Mchochezi Hawashi Moto: Historia ya Maana za Neno "Uchochezi" kwa Mifano ya Moshi na Miteremko ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inachunguza maana na matumizi ya kitenzi chochea pamoja na nomino zinazotokana nacho: mchochezi, uchochezi, uchocheaji na kichocheo. Hoja kuu ni kwamba maana ya msingi ya kitenzi hiki haihusu kuanzisha moto, bali kuuongezea nguvu moto ambao tayari upo. Sifa hiyo ya kisemantiki imefifia katika lugha ya sheria na ya utawala, ambamo mchochezi huchukuliwa kuwa chanzo cha ghasia. Kwa kutumia historia ya Moshi na ya Wachagga wa miteremko ya Kilimanjaro, hususan mgogoro wa kahawa wa mwaka 1937, makala inaonesha jinsi mabadiliko hayo ya maana yanavyoweza kuficha makaa yaliyokuwapo kabla ya mchochezi kufika. Mifano ya sentensi imetungwa na mwandishi kwa kuzingatia matumizi ya kawaida ya Kiswahili cha Tanzania.

1.0 Utangulizi

Mtu aliyelelewa katika nyumba inayopika kwa kuni, iwe Kibosho, Marangu, Rombo au kwingineko, hahitaji kamusi ili kutofautisha amri tatu ambazo mtoto hupewa jikoni. Akiambiwa "koka moto" au "washa moto", anajua kwamba mafiga ni baridi na kazi yake ni kuanza upya. Akiambiwa "zima moto", anajua chungu kimeshaepuliwa. Akiambiwa "chochea moto", anajua kwamba moto upo lakini unafifia: kuni zimeungua ncha na zimeachana, makaa yamevikwa jivu. Kazi yake ni kuzisogeza kuni ndani, kukung'uta jivu na pengine kupuliza. Hakuna anayeambiwa achochee mafiga yaliyopoa.

Tofauti hii ni ndogo jikoni, lakini ni kubwa mahakamani na katika historia. Neno uchochezi limekuwa jina la kosa la jinai, na mchochezi ni jina ambalo watawala wa nyakati mbalimbali wamewapa watu waliosimama mbele ya umati. Ikiwa mchochezi ni mtu aliyewasha moto, basi akiondolewa moto utazimika. Ikiwa ni mtu aliyesogeza kuni tu, basi akiondolewa makaa yatabaki, na mtu mwingine atakuja kuyakuta. Swali la maana ya neno kwa hiyo ni swali la wapi tutafute chanzo.

Nimechagua Moshi na miteremko ya Kilimanjaro kwa sababu historia ya eneo hilo katika karne ya 20 imejaa mivutano ambamo swali hilo lilijitokeza waziwazi. Sikulichagua kwa sababu ya jina la mji. Ni kweli kwamba msemaji wa Kiswahili alisikiapo "Moshi" hukumbuka methali ya palipo na moshi pana moto. Lakini Moshi lilikuwa jina la himaya ya Mangi Rindi huko juu mlimani kabla reli kufika bondeni na mji wa sasa kukua. Mfanano wa jina hilo na nomino ya Kiswahili si ushahidi wa lolote, na mtafiti wa maana hana budi kujihadhari na vishawishi vya aina hiyo.

2.0 Umbo la neno

Kimofolojia, chochea ni miongoni mwa vitenzi ambavyo konsonanti ya kale ya mwisho wa mzizi, inayokaribia /l/, imedondoka baina ya irabu. Athari yake hujitokeza tena katika minyambuliko. Kama tembea inavyotoa tembelea na mtembezi, na pokea inavyotoa pokelea na mapokezi, ndivyo chochea inavyotoa chochelea na mchochezi. Konsonanti iliyodondoka hurudi kama /l/ mbele ya kiambishi cha kutendea, na kama /z/ mbele ya kiambishi nominishi -i. Kwa hiyo mchochezi na uchochezi ni maumbo yanayofuata kanuni ya kale ya lugha, wala si maneno yaliyoundwa na wanasheria kwa ajili ya kutafsiri.

Sambamba na maumbo hayo yapo mengine mawili. La kwanza ni mchocheaji na uchocheaji, yaliyoundwa kwa kiambishi -aji, ambacho hutaja mtendaji au kitendo bila kukihukumu. La pili ni kichocheo, lililoundwa kwa kiishio -o, ambalo hutaja chombo au sababu. Maumbo haya matatu yamegawana kazi kwa namna inayostahili kutazamwa. Tuchukue mifano ifuatayo:

(1) Bei nzuri ni kichocheo cha kilimo.
(2) Uchocheaji wa uwekezaji vijijini unahitaji barabara.
(3) Alikamatwa kwa uchochezi.
(4) Msiwasikilize wachochezi.

Katika (1) na (2) msikilizaji hapati hisia ya ubaya. Katika (3) na (4) ubaya upo hata bila kutajwa kilichochochewa. Mtu anaweza kusema kwamba serikali inachochea maendeleo, lakini akisema kwamba serikali ni mchochezi wa maendeleo, wasikilizaji watacheka au watashangaa.

Je, ubaya huo unatokana na umbo la -zi? Hapana. Mlezi, mtetezi na mtembezi yameundwa kwa kanuni ileile na hayana lawama yoyote. Ubaya wa mchochezi haukuletwa na mofolojia, bali na historia ya matumizi. Kitenzi chenyewe kimebaki kati kwa kati: yambwa yake ndiyo huamua. Chochea ikifuatwa na maendeleo, uchumi, ari au ubunifu, ni sifa. Ikifuatwa na chuki, ghasia, mgomo au vurugu, ni lawama. Nomino ya -zi, kwa kuwa mara nyingi husimama bila yambwa, imebeba lawama kama maana yake ya msingi.

3.0 Jamaa za neno

Kamusi za Kiswahili, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 na matoleo yaliyofuata, zinakubaliana kuhusu jambo moja: chochea ina maana ya moto na kuni, na kwa upanuzi ina maana ya kuzidisha ugomvi kwa maneno. Sitiari hii si ya chochea peke yake. Kiswahili kina ukoo mzima wa maneno ya moto yanayotumika kueleza mafarakano, na kila neno lina hatua yake katika maisha ya moto.

Pekecha ni kuzungusha kijiti juu ya ubao hadi cheche ipatikane. Kwa sitiari ni kuingia baina ya watu na kuwatia katika ugomvi ambao haukuwapo. Huyu ndiye anayeanzisha. Koka na washa pia ni za mwanzo. Vuvia na puliza ni za katikati, kama chochea. Palia ni kuweka makaa juu, na mtu akisema "ananipalia makaa" analalamika kwamba shida aliyokuwa nayo inazidishwa. Siku hizi waandishi wa habari hupenda "kumwagia moto petroli", ambayo pia inakubali kwamba moto ulikuwapo. Vuguvugu, ambalo asili yake ni hali ya maji yasiyo baridi wala moto, limekuwa jina la harakati za umma zinazoanza kupanda joto, kama katika "vuguvugu la kudai uhuru".

Fitina nayo ina moto ndani yake, ingawa wasemaji wa Kiswahili hawausikii tena. Wanaleksikografia wa Kiarabu huuhusisha mzizi wake na kuitia dhahabu motoni ili kuijaribu na kutenga takataka. Kutoka jaribio, neno likaenda kwenye mtihani wa imani, kisha kwenye mafarakano. Kiswahili kilipokea hatua ya mwisho tu: mfitini ni mgombanishi, hana habari na dhahabu.

Upande mwingine yako maneno ya kijiti kisicho na moto: chokoa, chokora, chokoza, na nomino uchokozi na chokochoko. Methali ya chokochoko mchokoe pweza, binadamu hutamuweza inaonya kuhusu kijiti hicho. Tofauti na mchochezi ni kwamba mchokozi huelekeza kijiti kwa mtu aliyetulia ili amtoe pangoni. Mchochezi hukielekeza kwenye kitu ambacho tayari kinaungua.

Tukipanga maneno haya kwa hatua, tunaona kwamba lugha ilikuwa na majina tofauti kwa mwanzishaji na kwa mzidishaji. Mpekechaji na mchokozi wanaanzisha. Mchochezi anazidisha. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria, ilipohitaji jina la Kiswahili kwa ajili ya kosa la kuanzisha uasi, ilimchagua mzidishaji.

4.0 Neno linaingia katika sheria

Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930 ililetwa kwa Kiingereza na utawala wa Waingereza, ikiwa na vifungu kuhusu kauli na maandishi yenye nia ya kuleta chuki au dharau dhidi ya serikali. Istilahi ya Kiingereza inayotaja kosa hilo imetoka katika Kilatini, na maana yake ya asili ni kwenda kando, yaani kujitenga na jumuiya. Haina moto. Kiswahili kilipoitafsiri kwa uchochezi, hakikufasiri neno, kilibadilisha picha. Mtu aliyekwenda kando akawa mtu aliyeinama mafigani.

Tena, neno hilohilo lilipewa mizigo mingine. Mwaka 1955, TANU ikiwa na umri wa mwaka mmoja tu, serikali ya kikoloni iliongeza kifungu kilicholenga kauli zinazoelekea kuleta manung'uniko miongoni mwa wakazi wa nchi au uhasama baina ya makundi yao. Kosa hilo ni tofauti na lile la awali, na yote mawili ni tofauti na kosa la kumshawishi mtu atende jinai fulani iliyo mahususi. Kwa Kiingereza makosa haya yana majina tofauti. Katika Kiswahili cha magazeti na cha mikutano ya hadhara, yote huitwa uchochezi. Msomaji akisoma kwamba fulani ameshtakiwa kwa uchochezi, hawezi kujua kama aliikashifu serikali, aligombanisha watu, au aliwaambia vijana wavunje duka.

Baada ya uhuru vifungu hivyo havikufutwa. Mwaka 1976 vifungu vya kosa hilo la awali vilihamishiwa katika Sheria ya Magazeti, na mwaka 2016 vikaingizwa katika Sheria ya Huduma za Habari. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo ya mwisho, vikiwamo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchini Kenya historia ilikwenda njia nyingine: kosa la kukashifu serikali liliondolewa katika sheria mwaka 1997, na baada ya machafuko ya 2007 na 2008 neno uchochezi likaelemea zaidi kwenye kauli za kugombanisha makabila. Kwa hiyo Mkenya na Mtanzania wanaweza kukubaliana kwamba uchochezi ni kosa, huku kila mmoja akifikiria kosa tofauti.

Inafaa kukumbuka kwamba vifungu vya kale vyenyewe viliacha mlango. Vilisema kwamba kauli si kosa kwa sababu tu inaonesha kwamba serikali imepotoshwa au imekosea, au inabainisha kasoro kwa nia ya kuzirekebisha. Yaani, sheria ilitambua kwamba anayesema "hapa kuna moto" si sawa na anayesukuma kuni. Neno uchochezi, jinsi linavyotumika, halina mlango huo.

5.0 Kilimanjaro: makaa na wachochezi

Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wengine wa Wachagga na wa jirani zao Wameru, kwa shutuma za kupanga maasi. Meli alikuwa amewashinda Wajerumani vitani mwaka 1892, na wao wakamshinda mwaka uliofuata. Waliomnyonga waliamini kwamba wanakata chanzo. Lakini manung'uniko ya kazi za lazima, kodi na ardhi iliyochukuliwa na walowezi hayakuwa na shingo ya kutiwa kitanzi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa kahawa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wachagga wengi walianza kupanda kahawa katika vihamba vyao, wakitiwa moyo na Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, na wakipingwa na walowezi walioogopa ushindani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, Joseph Merinyo akiwa rais wake. Baadaye chama kilianguka, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, chama cha ushirika kilichokuwa karibu zaidi na serikali. Kisha ikatolewa amri kwamba kahawa yote ya Wachagga iuzwe kupitia KNCU. Amri hiyo ilikuja wakati bei ya kahawa duniani imeporomoka. Mkulima aliyeona bei ndogo hakuwa na ruhusa ya kumtafuta mnunuzi mwingine. Baadhi ya wakulima walikwenda mahakamani kuipinga amri, wakashindwa. Mwaka 1937 watu walivamia maghala ya kununulia kahawa katika sehemu mbalimbali za mlima.

Kumbukumbu za serikali za wakati huo ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo sidai kwamba neno uchochezi ndilo lililotumika katika kila baraza. Ninachozungumzia ni namna ya kufikiri ambayo neno hilo limekuja kuibeba: kwamba umati mtiifu uliharibiwa na watu wachache wenye maneno. Maelezo hayo ni rahisi kwa mtawala, kwa sababu watu wachache wanaweza kukamatwa na bei ya kahawa haiwezi. Hata hivyo, vitendo vya serikali yenyewe vilikiri zaidi ya maneno yake. Pamoja na kutumia nguvu, mwaka huohuo ilitunga sheria mpya kuhusu uuzaji wa kahawa ya wenyeji. Mtu hatungi sheria ya kahawa ili kuwatibu wagomvi. Anaitunga kwa sababu anajua kwamba makaa yalikuwa katika kahawa.

Makaa hayo hayakuzimika. Mwaka 1949 Petro Njau aliongoza kuundwa kwa chama cha wananchi wa Kichagga kilichodai kiongozi mmoja aliyechaguliwa, na madai hayo ndiyo yaliyomfikisha Thomas Marealle kwenye cheo cha Mangi Mkuu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya muongo kwisha, wapinzani wakiongozwa na Solomon Eliufoo walikuwa wakimpinga Marealle mwenyewe, na mwaka 1960 kura ya Wachagga ikachagua kuwa na rais wa kuchaguliwa badala ya mangi mkuu. Aliyekuwa mzidisha moto katika awamu moja akawa mafiga katika awamu iliyofuata. Jina la mchochezi hufuata mahali mtu alipo, wala si kitendo chake tu.

6.0 Moto wa dola na moto wa mlima

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya kilele cha Kilimanjaro. Dola mpya ilichagua moto kuwa nembo yake, na ilichagua mlima huohuo. Lakini tuangalie vitenzi. Mwenge wa Uhuru huwashwa, hukimbizwa, hupokelewa, humulika na huzimwa kwa sherehe. Hauchochewi kamwe. Moto wa dola una mwanzo na mwisho unaojulikana. Hauna makaa yaliyofichwa chini ya jivu. Mgawanyo huu wa vitenzi haukuamuliwa na baraza lolote la lugha. Wasemaji wenyewe wamehisi kwamba chochea inataja moto ambao mwenyewe hayuko peke yake.

Mwezi Oktoba 2020 moto wa kawaida ulizuka katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ukawaka kwa siku nyingi na kuunguza makumi ya kilomita za mraba za uoto. Moto mwingine ulifuata Oktoba 2022. Kila mara swali la kwanza hadharani lilikuwa "nani aliwasha?" Ni swali halali, kwa kuwa cheche huwa na mwenyewe, awe mpagazi, mrina asali au mwindaji. Hata hivyo, wanaikolojia waliochunguza mlima kwa miongo mingi, kama vile Andreas Hemp, wameonesha kwamba hali ya ukavu imeongeza nguvu ya moto katika ukanda wa juu na kuirudisha chini mipaka ya msitu. Cheche ileile iliyozimika zamani katika ukungu sasa hupata kuni zilizo tayari. Lugha ya ikolojia, bila kujua, inazungumza Kiswahili cha jikoni: ukavu unachochea moto, hauwashi.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha mambo matatu. Kwanza, chochea kwa asili hukisia moto uliokwisha kuwapo, na sifa hiyo inalitofautisha na pekecha, washa na chokoza. Pili, lawama ya mchochezi na uchochezi haitokani na umbo, kwani maneno ya umbo lilelile hayana lawama; imetokana na matumizi ya kisheria na kisiasa yaliyolundika makosa tofauti katika neno moja. Tatu, historia ya Kilimanjaro inaonesha gharama ya kusahau sifa ya kwanza: mamlaka ikimtafuta mchochezi kana kwamba ni mwasha moto, huyaacha makaa.

Kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, jambo hili si la nadharia tu. Watunga kamusi wanapaswa kuitaja wazi sifa ya "moto uliopo" katika fasili ya kwanza, na kutenganisha maana za kisheria badala ya kuzifunga katika fungu moja. Waandishi wa sheria wanazo njia za kutaja kila kosa kwa jina lake: kukashifu serikali, kugombanisha makundi, kushawishi jinai. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta data wana hazina katika magazeti ya Kiswahili ya enzi ya ukoloni, kuanzia Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, ambamo safari ya neno hili inaweza kufuatiliwa toleo kwa toleo.

Hadi hapo kazi hiyo itakapofanyika, kila anayemwita mwenzake mchochezi angetafakari kwamba, kwa Kiswahili, amekiri kitu ambacho huenda hakukusudia kukikiri. Amesema kwamba moto ulikuwapo.